Kifungu cha Saba

Miezi saba Kampuni ilikuwa kimya. Si kimya cha mtu aliyekasirika, maana huyo angalau utamsikia akibamiza mlango. Ni kile kimya cha mtu anayekuona barabarani halafu ghafla akavutiwa na dirisha la duka. Jamii ya Papasa ilikuwa imeandika barua kumi na nne: nyingine za heshima, nyingine za kubembeleza, na moja, ile ya Fundi Redio, ilikuwa na maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Zote zilipata jibu lilelile, dakika ileile zilipotumwa: Tumepokea ujumbe wako na tunauthamini. Baada ya hapo, kimya.

Papasa ni programu ya kompyuta. Unaipa maandishi ya kawaida, nayo inayageuza kuwa nukta nundu, yale maandishi ya vinundu ambayo asiyeona huyasoma kwa kidole. Ni programu huria, haina mwenye kuiuza, na watu thelathini na mmoja waliotawanyika huku na huko walikuwa wakiijenga kwa kujitolea, kila mtu akiiba saa moja hapa na saa mbili pale. Kampuni ilikuja baadaye kama mfadhili. Ilitoa seva, ikamwajiri mwanzilishi, na kwa kuwa mfadhili hakosi kupewa kiti cha mbele, ikakabidhiwa pia ufunguo wa kutolea matoleo mapya. Bila ufunguo huo, hata ukiandika kazi nzuri namna gani, itabaki kwenye seva ikipigwa vumbi.

Na kazi nzuri ilikuwepo. Ilikuwa ni majedwali ya hesabu, yaani kanuni zinazoifundisha Papasa kuandika sehemu, vipeo, mabano na mizizi ya namba kwa nukta. Kabla ya hapo kitabu cha hesabu kilipigwa kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa, na kilichukua karibu mwaka mzima. Mwalimu wa Hesabu, mwanajamii aliyefundisha kwenye shule ya wasioona, alikuwa na wanafunzi kumi na tisa wa mtihani wa mwisho na kitabu kimoja tu, tena vinundu vyake vimelala kwa kupapaswa. Kila wiki aliuliza swali moja: toleo jipya linatoka lini? Kila wiki aliambiwa avute subira.

Aliyeyatengeneza majedwali hayo alikuwa Bi Kidole. Alikuwa msahihishaji kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu vya nukta nundu, mwanamke wa miaka arobaini na minane, hakuwahi kuona tangu azaliwe, na jina hilo alipewa na wenzake kazini kwa sababu ya kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia. Kidole hicho kilikuwa hakisamehe. Nukta moja ikikosekana kwenye ukurasa wa mia tatu, kingesimama papo hapo, na wapiga chapa walimwogopa kuliko walivyomwogopa meneja. Majedwali yalimla miezi minane ya jioni na Jumamosi zake. Alipoyakabidhi, ndipo kimya kilipoanza.

Mwanzilishi wa Papasa, yule aliyeajiriwa na Kampuni, alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Jamii ilimwita Kiranja, kwa utani, maana ndiye aliyewapanga na kuwanyamazisha. Walipokuwa watoto, kila Bi Kidole alipokwama na kitabu, mama yao alikuwa na jibu moja: "Muite mdogo wako akusomee." Naye alisoma. Alisoma historia, alisoma sayansi, alisoma mpaka sauti ikamkauka, na hakuwahi kulalamika. Alipofika miaka kumi na sita akajifungia kwenye chumba cha kompyuta cha shule likizo nzima, akatoka na mistari mia tatu ya programu. Juu kabisa, kabla ya mstari wa kwanza wa kazi, aliweka maneno ambayo kompyuta inayaruka lakini binadamu anayaona: Kwa dada, asome mwenyewe. Matoleo yote yaliyofuata yalianza na maneno hayo.

Jamii ile ilikuwa na desturi yake. Kila Alhamisi saa kumi alasiri walikutana kwa simu, sauti tupu, bila picha. Jambo lolote la kuamuliwa lilisomwa kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, na sauti ikahifadhiwa. Aliyejisahau akasema "kama mnavyoona hapa" alitakiwa kuomba radhi. Bi Kidole ndiye aliyeileta sheria hiyo, siku za mwanzo, kwa ugomvi mkubwa, akikataa watu waamue mambo kwa picha na michoro huku yeye ameketi kama mgeni. Sheria ikashika. Ikashika mno, kwa kweli, kwa sababu wale wenye macho nao wakazoea. Kwa nini mtu ahangaike kufungua karatasi wakati anasomewa? Kikishasomwa Alhamisi, walisema "kimesomwa," na habari ikaishia hapo. Na msomaji karibu siku zote alikuwa Kiranja, maana alikuwa na sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari.

Basi Alhamisi moja, mwezi wa saba wa kimya, Fundi Redio hakungoja hata salamu ziishe.

"Mimi nimechoka," alisema. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio, na kwenye Papasa ndiye aliyeshughulikia mashine za kupiga nukta. "Tuhame. Tuchukue nakala ya programu yote, tuipe jina jingine, tuiweke kwenye seva yetu. Sheria ya programu huria inaruhusu. Wao wabaki na kimya chao."

Neno hilo, kuhama, lilikuwa likinong'onwa kwa wiki kadhaa, lakini hakuna aliyewahi kulitamka mkutanoni. Watu wakaanza kusema kwa pamoja. Wengine walitaka hata kesho. Wengine waliogopa: jina la Papasa linajulikana mashuleni, nani atalijua jina jipya? Na familia ikishagawanyika, nani atamfuata nani?

"Jamani, taratibu," Kiranja alisema kwa ile sauti yake ya kutuliza. "Mimi niko ndani ya Kampuni, nyinyi mko nje. Hawajatutupa. Wana mambo mengi tu. Nipeni mpaka mwisho wa muhula."

"Mwisho wa muhula wanafunzi wangu watakuwa wameshafanya mtihani," Mwalimu wa Hesabu alisema.

"Najua, Mwalimu. Na mimi inaniuma."

Hapo ndipo Karani alipoingilia. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, alifanya kazi masjala ya mahakama, na maisha yake yote yalikuwa ni kupanga majalada ya watu waliosaini bila kusoma. "Kabla hatujahama au kubaki," alisema, "kuna ule mkataba wa wachangiaji tuliousaini miezi kumi na mitano iliyopita. Ningependa tuuangalie upya."

"Ule ni wa kawaida," Kiranja alijibu haraka. "Niliwasomea wote. Upo kwenye sauti."

"Nilisikia ukisoma. Nauliza kama kuna mtu aliyeufungua mwenyewe."

Hakuna aliyekuwa ameufungua. Bi Kidole alihisi damu ikimpanda. Huyu Karani alikuwa anamaanisha nini? Kwamba mtoto aliyesoma mpaka sauti ikakauka angewapiga watu changa la macho? "Karani, dada yangu," alisema, "huyo unayemtilia shaka nimemlea mgongoni. Lakini kwa kuwa moyo wako hautulii, niachie mimi. Nitausahihisha mkataba huo kama ninavyosahihisha kitabu, neno kwa neno, na Alhamisi ijayo nitakuletea ukweli wake. Halafu utamwomba radhi mbele ya wote."

"Nitamwomba," Karani alisema.

Mkataba wenyewe ulikuwa picha ya karatasi, haukuwa maandishi, kwa hiyo ile sauti ya kompyuta iliyomsomea Bi Kidole barua zake haikuweza kuutamka. Miezi kumi na mitano iliyopita hilo halikumsumbua, kwa kuwa msomaji alikuwepo. Jumatatu akamwomba mpiga chapa mmoja pale kiwandani auandike upya kwenye kompyuta wakati wa chai. Kisha akaupitisha kwenye Papasa, mashine ikagonga kwa dakika nne na makelele yake yote, na kurasa tatu nzito zikatoka zikiwa bado na joto.

Usahihishaji wa kiwanda kile ulifanywa na watu wawili. Mmoja anayeona alisoma kwa sauti kutoka kwenye nakala halisi, na mwingine alifuata kwa kidole kwenye nukta. Sauti na kidole vikitofautiana, mwenye kidole anasema "rudi." Msomaji wake alikuwa mgonjwa siku hiyo, lakini Bi Kidole hakumhitaji. Alikuwa na sauti ya ule mkutano. Akaweka simu mezani, akaiwasha, na mdogo wake akaanza kumsomea.

Kifungu cha kwanza, sauti na kidole vilikwenda sambamba. Cha pili, cha tatu, hivyo hivyo. Kijana alisoma vizuri, hata mikato alikuwa akiiheshimu, na Bi Kidole akajikuta anatabasamu, tayari akitunga maneno atakayompa Karani. Cha nne, cha tano. Cha sita kilikuwa kirefu na cha kuchosha, kuhusu anwani za kupelekea barua. Kisha sauti ikasema, "Saba. Mkataba huu utafasiriwa kwa mujibu wa sheria za mahali Kampuni ilipoandikishwa."

Kidole kilisimama.

"Rudi," alisema, kama vile kulikuwa na mtu mbele yake. Akairudisha sauti mwenyewe. Ikasema yaleyale. Chini ya kidole kulikuwa na kitu kingine kabisa: Saba. Kazi yoyote itakayowekwa katika Papasa kuanzia tarehe ya sahihi hii itakuwa mali ya Kampuni, na Kampuni pekee ndiyo itakayoamua itolewe lini, itolewe kwa nani, au isitolewe kabisa.

Akakisoma mara tatu. Kilikuwa na mistari mitatu tu na hakikuwa na neno gumu hata moja. Majedwali yake yote, miezi minane, yaliwekwa baada ya sahihi ile.

Ningesema alijua palepale, lakini ningekuwa nadanganya. Jambo la kwanza alilofanya ni kumtafutia mdogo wake udhuru. Alikuwa na miaka ishirini na mbili kwenye kazi hiyo, na alijua kwamba macho huruka mstari. Wapiga chapa wazuri kabisa huruka, hasa aya mbili zikianza kwa neno moja. Jicho linateleza, mtu anaendelea, wala hana habari. Ndivyo ilivyokuwa, alijiambia. Mtoto alichoka, kifungu cha sita kilikuwa kirefu, jicho likateleza.

Ila kulikuwa na zile namba. Kile kilichosomwa kuwa cha saba, kwenye karatasi kilikuwa cha nane. Akaendelea kusikiliza. Sauti ilisema "nane," kidole kikasoma tisa. Sauti ilisema "tisa," kidole kikasoma kumi. Karatasi ilikuwa na vifungu kumi. Mdogo wake alisoma tisa na kuvihesabu upya njiani bila kukwama hata mara moja. Jicho likiteleza, haliwezi kubadilisha namba. Mtu akifanya hivyo amejiandaa nyumbani.

Mpiga chapa alimkuta ameketi vilevile, simu imenyamaza, akamuuliza kama anaumwa. "Siumwi," alisema. "Nimekuta kosa." Na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi pale, hakueleza ni kosa gani.

Jumanne jioni, jua bado halijatua, Kiranja alifika kwake kama alivyoitwa. Alivua viatu mlangoni, akauliza hali, akakaa kwenye kiti chake cha siku zote karibu na dirisha. Bi Kidole alimwekea zile kurasa tatu mapajani. Nukta Kiranja alizijua kwa macho, hakuwa na haja ya kidole.

"Nisomee kifungu cha saba," Bi Kidole alisema.

Kiranja alizigeuza kurasa. "Cha saba kipi, dada?"

"Unaona ulivyo? Mtu asiye na neno haulizi kipi. Cha saba kilichoandikwa."

Hakusoma. Badala yake akaanza kueleza, na maelezo yakatoka kwa mkupuo kama ya mtu aliyeyabeba siku nyingi. Kampuni ilitaka kuiingiza Papasa kwenye bidhaa yake yenyewe na kuiuza. Waliitaka sehemu ya hesabu zaidi ya kitu kingine, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Wangemfukuza kazi kama jamii isingesaini, na jamii isingesaini kama ingesikia kifungu kile. Alidhani atawashawishi baadaye, akiwa ndani. Alidhani mambo yatajirekebisha.

"Na barua zetu kumi na nne?" Bi Kidole aliuliza. "Zinasomwa na nani huko?"

Akasikia kiti kikilia. "Dada..."

"Nani?"

"Zinakuja kwangu. Mimi ndiye niliyewekwa kuzipokea. Niliambiwa nisijibu."

Bi Kidole alijishika kwenye ukingo wa meza. Kwa hiyo alipokuwa akikaa jioni akimwandikia bosi asiyemjua, akichagua maneno ya heshima, akimweleza habari za watoto kumi na tisa na kitabu chao kilicholala nukta, alikuwa anamwandikia mdogo wake. Na Alhamisi mdogo wake alikuja na ile sauti nzuri kusema bado hawajajibu, vuteni subira, na mimi inaniuma.

"Ulinisomea tangu una miaka saba," alisema. "Ungeweza kuniibia pochi, ningekununia wiki moja tukaendelea. Ungeweza kunitukana. Wewe ukaenda kuchukua kile kitu kimoja tu ambacho sikuwahi kukichungulia, kwa sababu ni wewe ulikuwa unasoma. Nilikuamini, mjinga mimi!" Akalia, na hakujificha. Kiranja alitaka kumshika mkono, Bi Kidole akauondoa. "Vaa viatu vyako," alisema.

Alhamisi saa kumi, watu thelathini na mmoja walikuwa kwenye simu, Kiranja akiwa mmoja wao. Karani aliuliza nani atasoma.

"Mimi," Bi Kidole alisema.

Hawakuwahi kumsikia akisoma. Kidole chake kilikuwa cha haraka lakini sauti haikuwa ya utangazaji; ilikuwa kavu, ilikwaruza, na ilitaja kila namba kwa nguvu. Alisoma vifungu vyote kumi. Alipofika cha saba alikisoma kwa mwendo uleule kama vingine, akaenda cha nane. Alipomaliza akawasha ile sauti ya zamani, wakasikiliza tena, na wote wakahesabu wenyewe. Kisha Bi Kidole akaeleza habari za barua. Mtu mmoja aliguna, mwingine akakata simu, akarudi baadaye.

"Kiranja, una la kusema?" Karani aliuliza.

"Ni kweli," Kiranja alisema.

"Bi Kidole, samahani," Karani alisema tena.

"Wewe huna kosa, dada yangu. Mimi ndiye niliyekuahidi ukweli ili nikuumbue."

Wakapiga kura kwa sauti, mmoja mmoja: nahama au nabaki. Walihama ishirini na wanane. Wawili walibaki, na Kiranja alipofikiwa hakutaja upande. Lakini kuhama kwenyewe, Karani aliwaeleza, kulikuwa na bei. Wangeweza kuchukua nakala ya siku moja kabla ya sahihi, si zaidi. Kila kilichoingia baada ya hapo kingebaki. Majedwali ya hesabu yangebaki.

"Nitayaandika upya," Bi Kidole alisema.

Karani alisita. "Hapana, mama. Wewe ndiye huwezi. Ukiyaandika wewe watasema umenakili mali yao, na watatuburuza mahakamani. Lazima yaandikwe na mtu ambaye hakuwahi kuyagusa. Na wewe usimsaidie, usimsahihishie, usimwambie hata neno."

Hilo Bi Kidole hakuwa amelifikiria. Alikuwa na hesabu yote kichwani, kila kipeo na kila mabano, na angetakiwa kukaa nayo kimya huku mtu mwingine akijikwaa humohumo alimojikwaa yeye.

"Nitayaandika mimi," Mwalimu wa Hesabu alisema. "Wanafunzi wa mwaka huu hawatayapata, hilo niseme wazi. Labda wa miaka miwili ijayo." Sauti yake haikuwa na hasira, na hiyo ilimuumiza Bi Kidole zaidi.

Mwishoni Fundi Redio, aliyekuwa anaandaa ile nakala, aliuliza kwa aibu. "Kuna yale maneno ya juu kabisa. Kwa dada, asome mwenyewe. Niyafute?"

"Yaache," Bi Kidole alisema.

Kesho yake asubuhi simu iliita akiwa mezani kiwandani. Aliijua hata kabla ya kuipokea, kwa sababu mdogo wake peke yake ndiye aliyekuwa amemwekea mlio wa pekee.

"Dada, usikate. Nisikilize tu dakika tano, nikueleze yote kwa mdomo, tangu mwanzo..."

"Iandike," alisema Bi Kidole. "Yote, na namba zake. Nitaichapa hapa hapa kazini na nitaisoma mwenyewe."

Akakata, akaitia simu kwenye droo, akamwambia msomaji wake, aliyekuwa amepona na kurudi kazini, waendelee na ukurasa wa sitini na mbili. Msomaji akaanza. Kwenye mstari wa pili tu Bi Kidole alimwambia arudi, na msomaji akashangaa, kwa sababu mstari ule haukuwa na kosa lolote.